Kutoka kushika funguo hadi kumsikiliza mtoto

Ukitoka bandarini Malindi, mjini Unguja, ukaishika Barabara ya Mizingani, hukosi kuliona jengo lenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi. Mfanyabiashara Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 liwe hospitali, akafariki 1891 kabla halijakamilika. Baadaye Haji Nasser Nurmohamed alilinunua, akafungua zahanati ya masikini ghorofa ya chini. Homa na vidonda vilikuwa na pa kupelekwa. Mtoto aliyeharibikiwa akili alisomewa Kurani, akanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya zake, au akafichwa ndani.

Waliozidiwa walipelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Zanzibar. Hospitali za namna hiyo, kama Mirembe ya Dodoma, zilijengwa kwa kufikiria watu wazima, na muuguzi wake alikuwa nusu mlinzi, funguo mkononi.

Kilichombadilisha muuguzi, kwa maoni yangu, ni uhaba kuliko huruma. Madaktari bingwa wa akili visiwani ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo waliosomea uuguzi wa akili Mbweni, chuo ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ndio wanaobeba kliniki za akili, hadi Makunduchi na Kivunge.

Mtoto aliingia katika kliniki hizo kwa mlango wa kifafa. Mama huja akisema mwanawe ana shetani, na muuguzi hodari habishani naye. Humuuliza: “Akianguka, mama, hutikisika mwili mzima au upande mmoja? Hung'ata ulimi? Hujikojolea? Akizinduka hulala?” Kisha humpima mtoto uzito, maana dozi hufuata kilo, na kusisitiza vidonge visikatishwe hata kama kombe linaendelea. Hapo pa mwisho ndipo penye ufundi. Ukimlazimisha mama achague, harudi.

Baada ya kifafa yakaja mengine. Mwaka 2011 Zanzibar ilipata Sheria ya Mtoto, na katika hospitali ya Mnazi Mmoja kikafunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono kwa waliofanyiwa ukatili. Mwaka 2015 Kidongo Chekundu ikaanza kutoa methadoni kwa walionaswa na heroini, na wengi wa watu wa namna hiyo huanza wangali vijana. Muuguzi akajikuta anasikiliza aibu, hofu na siri za nyumbani, mambo ambayo funguo hazikumfundisha.

Wizara ya Afya ianze na jambo moja: imsomeshe muuguzi wa afya ya akili ya watoto kwa kila wilaya ya Unguja, na isimhamishie wodi ya wazazi mwaka unaofuata.