Firebug, F12 na picha iliyotaka kuniponza

Leo naomba tuache siasa kidogo. Mwaka jana nusura niandike habari ya uongo gazetini, na kilichotumika kunidanganya ni kifaa ninachokipenda tangu chuo. Nitafika huko. Kwanza tujue kifaa chenyewe kilitoka wapi.

Vivinjari vya mwanzo, kama Mosaic ya mwaka 1993, vilikuwa na amri ya kuonyesha msimbo wa ukurasa. Unabofya, unaona HTML yote, kama fundi cherehani anavyogeuza shati ndani nje ili auone mshono. Watu wengi walijifunza kutengeneza tovuti hivyo hivyo bila mwalimu: ukurasa umekupendeza, unachungulia, unaiga, unabadilisha.

Ila amri ile ilikuwa na kasoro moja. Inaonyesha kile tu kilichotumwa na sava. Haionyeshi ukurasa umekuwaje baada ya JavaScript kuugusa. Zamani hilo halikusumbua sana. Lakini Gmail ilipotoka Aprili 2004, na Google Maps Februari 2005, kibao kikageuka. Kurasa hizo zilijijenga upya mbele ya macho yako, zikivuta data kutoka kwenye sava bila kupakiwa upya. Ukichungulia msimbo, unakuta maandishi yasiyofanana na unachokiona kwenye skrini.

Na kosa likitokea? Internet Explorer, ndiyo iliyotawala wakati huo, ilikupa kialama cha njano pembeni na ujumbe mfupi usiosaidia kitu. Mafundi walipachika amri ya "alert" kila mahali, visanduku vinachomoza kimoja baada ya kingine, mpaka wajue programu imekwama wapi. Kazi ya kutambaa gizani!

Firefox 1.0 ilitoka Novemba 2004, na ilimruhusu mtu yeyote kuiandikia programu za nyongeza. Chris Pederick ndiye aliyeleta Web Developer, upau wa vitufe vya kuzima picha, kuzima CSS na kuchora mipaka ya visanduku vya ukurasa. Kisha akaja Joe Hewitt, mmoja wa vijana walioianzisha Firefox yenyewe, ambaye alipokuwa Netscape alikwisha tengeneza kikaguzi kiitwacho DOM Inspector. Januari 2006 akatoa Firebug.

Firebug ilifanya nini? Unaelekeza kipanya kwenye kitu chochote, inakuonyesha msimbo wake hai, yaani jinsi ulivyo sasa hivi, na kanuni za CSS zinazokigusa. Unabadilisha rangi au neno hapo hapo, unaona matokeo papo hapo. Unaweza kuisimamisha JavaScript katikati ya safari na kuipekua mstari kwa mstari. Na kulikuwa na paneli ya mtandao, iliyoonyesha kila faili limechukua muda gani kufika. Kwetu Afrika Mashariki hilo halikuwa jambo dogo. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009 tulitegemea sana setilaiti, na picha moja nzito iliweza kukuacha ukisubiri huku dakika zako za intaneti kafe zikiisha.

Wengine hawakulala. Safari, Opera, Internet Explorer 8 ya mwaka 2009, na Chrome iliyotoka Septemba 2008, wote wakaweka wakaguzi wao ndani kabisa ya kivinjari. Firefox nayo ikajenga wa kwake. Nyongeza ikawa haina tena cha kuongeza. Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017 na kuacha mfumo wa zamani wa nyongeza, Firebug ikazimika. Ila kitufe cha F12, ambacho wengi tulikizoea kwake, mpaka leo ndicho kinachofungua kikaguzi kwenye vivinjari vingi vya kompyuta.

Mimi niliikuta uzeeni mwake, mwaka 2016, kwenye maabara ya kompyuta chuoni. Siku ya kwanza nilikifuta kichwa cha habari cha gazeti kubwa nikaandika jina langu. Tulicheka sana. Nilipopakia ukurasa upya, jina likatoweka, kwa sababu mabadiliko yako yanabaki kwenye kompyuta yako tu. Tovuti yenyewe haijui lolote.

Sasa turudi kwenye mkasa wangu. Jioni moja nilitumiwa picha ya skrini: tovuti ya taasisi moja, nembo sahihi, tarehe sahihi, tangazo la ada kupanda maradufu. Mhariri alikwisha nitengea nafasi ukurasa wa mbele. Nikafungua tovuti, tangazo halipo. Aliyenitumia akasema limefutwa. Nikaiangalia picha tena, nikaona anwani ya ukurasa juu, nikaiandika herufi kwa herufi. Ikafunguka! Tarehe ile ile, saini ile ile, lakini tangazo lilihusu ofisi kufungwa kwa sikukuu.

Mhariri hakuelewa. Nikabonyeza F12 mbele yake, nikabadilisha kichwa na sentensi mbili, nikapiga picha. Haikufika dakika moja. Alinyamaza, kisha akauliza, "Mangapi tumeshachapisha hivi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, ukinitumia picha ya tovuti, nitakuomba na anwani yake.