Tiba Shufaa: Maana ya Istilahi na Ufikaji wa Huduma

Tiba shufaa ni istilahi inayotumika nchini Tanzania kwa huduma anayopewa mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai wake, pamoja na jamaa wanaomuuguza, kwa lengo la kuzuia na kupunguza mateso hata pale ambapo ugonjwa wenyewe hauwezi kuondolewa. Mateso hayo, kwa mujibu wa fasili ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, hayaishii kwenye maumivu ya mwili, bali yanajumuisha hofu, upweke, shida za kifamilia na maswali ya kiroho. Fasili hiyo inasisitiza pia kwamba huduma ya namna hii haiharakishi kifo wala haikiahirishi, na kwamba yafaa ianze mapema, sambamba na matibabu mengine, kama mionzi kwa mwenye saratani au dawa za kufubaza virusi kwa mwenye VVU; kwa hiyo wanaoichukulia kuwa huduma ya siku za mwisho tu wanaipunguza sana.

Neno shufaa lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limezoeleka zaidi katika lugha ya dini, likiwa na maana ya uombezi, yaani kusimama upande wa mtu na kumsemea mbele ya mwenye uwezo. Halipaswi kuchanganywa na shifaa, ambalo maana yake ni uponyaji, kwa kuwa anayeahidiwa shifaa anatarajia kupona, ilhali anayepewa shufaa anahakikishiwa kwamba hataachwa peke yake na maradhi yake. Lugha za Ulaya zilipita njia nyingine: istilahi yao imetokana na neno la Kilatini la joho, vazi linalofunika, na ilianza kutumika kwa maana ya sasa katika miaka ya 1970 mjini Montreal, Kanada, ambako daktari mpasuaji Balfour Mount aliona kwamba jina la hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa, lililokuwa likitumika Uingereza, lilisikika kwa wasemaji wa Kifaransa kama makazi ya mafukara. Taswira ya Kiswahili ina nguvu zaidi, kwani mwombezi hafuniki maumivu bali huyashughulikia pamoja na mwenye nayo. Udhaifu uko katika neno tiba, ambalo humfanya msikilizaji afikirie vidonge na sindano, wakati sehemu kubwa ya kazi hii ni ile ambayo Waswahili wameiita siku zote kuuguza: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwogesha, kumlisha na kukaa naye.

Huduma yenyewe kwa sura yake ya kisasa huhesabiwa kuanzia mwaka 1967, daktari Cicely Saunders alipofungua hospisi ya St Christopher's jijini London, akiwa na hoja kwamba maumivu ya mgonjwa ni jumla ya mwili, nafsi, jamii na roho, na kwamba asiyeyatibu yote hajayatibu. Barani Afrika ilianzia Zimbabwe mwaka 1979, ikafika Nairobi mwaka 1990, kisha Uganda mwaka 1993 kupitia kwa daktari Anne Merriman, na kwa upande wa Tanzania hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, iliianza mwaka 1999. Ni mjini Arusha pia ambako chama cha Afrika cha tiba shufaa kilizinduliwa rasmi mwaka 2004, wakati UKIMWI ulipokuwa umewaacha wagonjwa wengi wakiuguzwa majumbani bila dawa yoyote ya kutuliza maumivu.

Watafiti waliolinganisha nchi zote duniani kwa hali ya mwaka 2011 walizipanga katika makundi, kuanzia zile ambazo hazikuwa na shughuli yoyote inayojulikana hadi zile ambazo huduma imeingia kikamilifu katika mfumo wa afya. Uganda iliwekwa katika kundi la juu kabisa, pamoja na Uingereza, Japani na Kanada. Tanzania, Kenya na Malawi zikawa katika kundi linalofuata, la nchi ambazo huduma imeanza kuingia katika mfumo huo. Nafasi ya Uganda haikutokana na utajiri. Ilitokana na uamuzi wa kutumia mofini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu makali, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji na kwa hiyo ni ya bei nafuu, na zaidi ya hapo na kanuni ya mwaka 2004 iliyowaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, katika nchi ambayo madaktari wake ni wachache na wengi wako mijini.

Mofini inahitaji maelezo, kwa sababu woga juu yake umewatesa wagonjwa wengi kuliko dawa yenyewe. Katika ngazi tatu za kutibu maumivu zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986, ya kwanza ni dawa kama parasetamoli, ya pili kodini, na ya tatu mofini, inayotolewa kwa mdomo na kwa saa maalumu, kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Ikitolewa kwa kipimo kinachopandishwa taratibu, pamoja na dawa ya kulainisha choo, mgonjwa wa saratani kwa kawaida hapati uteja unaoogopwa; hupata usingizi, na mara nyingi hupata tena nguvu ya kuzungumza na watu wake.

Upangaji wa nchi kwa makundi, hata hivyo, hausemi chochote kuhusu kijiji. Idete, kijiji kilichoko magharibi mwa Ifakara katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, inajulikana katika maandiko ya tiba duniani kwa sababu watoto wake walishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994 na kuonyesha kinga ya asilimia 31. Utafiti mkubwa umefanyika bondeni humu ili watu wasife mapema, na hiyo ni sifa ya haki kwa Ifakara. Lakini yule ambaye saratani imemshinda hukabili jiografia nyingine: Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kituo pekee cha mionzi nchini, iko Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 400 kutoka Ifakara, na jamaa wanaomuuguza ni wakulima wa mpunga ambao katika msimu wa kilimo huhamia mashambani, wakalala katika madungu mbali na kituo cha afya.

Kwa wagonjwa wa namna hiyo hospisi yenye vitanda mjini haitoshi. Wanahitaji mhudumu wa afya wa kijiji anayejua kupima maumivu kwa kuuliza, muuguzi wa kituo cha karibu mwenye ruhusa ya kuandika mofini, na chupa ya dawa hiyo isiyokosekana kabatini. Wizara na halmashauri zinazopanga huduma za bonde hili zianzie hapo.