Maua na Nyua
Wingi ndio unaoyatenganisha: ua la kunusa huwa maua, ua wa kuzungushia boma huwa nyua. Kuna mmea mmoja unaostahili maneno yote mawili.

Ni Rosa multiflora, waridi la mwituni la Japani, Korea na China, lenye vishada vya maua madogo meupe. Wajapani hulitaja kwa miiba yake: noibara, mwiba wa kondeni.

Marekani ililipokea mwaka 1866 liwe shina la kubebeshea mawaridi ya bustani. Kubebesha, neno tamu lililoje! Shina la mwituni humbeba mgeni mgongoni. Miaka ya 1930 serikali ikawahimiza wakulima walipande liwe ua wa mifugo. Ndege wakala matunda, wakasambaza mbegu. Leo majimbo kadhaa yanalihesabu kuwa gugu.