Kwa nini ngege hufa kwa baridi?

Ukipita Gikomba asubuhi ya Julai, utawakuta wauzaji samaki wamejifunika makoti hadi masikioni. Ngege aliye mezani hakuzoea hali hiyo. Asili yake ni maji ya joto, na anayetaka kumfuga kwenye kidimbwi Kayole au Umoja yafaa ajue hilo kabla hajatoa pesa zake.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Ngege wa Nile huacha kula maji yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi, na yakikaribia 10 hufa. Usiku wa Julai, hewa ya Nairobi hufika nyuzi 10 hadi 12.

Siri iko kwenye seli. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Tazama samli jikoni asubuhi ya baridi: imeganda, ilhali mafuta ya alizeti yangali majimaji. Utando nao huelekea kuganda hivyo hivyo. Baridi ikiingia polepole, jeni fulani huamka na kutengeneza kimeng'enya kinachogeuza mafuta ya utando yawe laini. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, ndiyo maana baridi ya ghafla huua zaidi. Tena kila aina ya samaki ina mpaka wake iliourithi, na mpaka wa ngege uko karibu.

Trauti ni kinyume chake. Aliletwa Kenya mwaka 1905, na hadi leo anaishi kwenye mito baridi ya Mlima Kenya. Maji ya joto ndiyo yanayomshinda.

Kusini kabisa mwa dunia, Antaktika, bahari hufika nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Miaka ya 1960 Arthur DeVries aligundua kwamba damu ya samaki wa huko ina protini inayozishika chembe za barafu zisikue. Mwaka 1997 ikabainika kuwa jeni ya protini hiyo ilitokana na jeni ya kusaga chakula tumboni. Subhanallah!

Basi ewe mfugaji, ngege hafundishwi baridi kwa kuzoeshwa tu. Pima maji yako alfajiri ya Julai kwanza, ndipo ununue vifaranga. Kidimbwi kikiwa na kina cha kutosha na kufunikwa kwa karatasi ya nailoni, joto la mchana halitoroki lote usiku.