Dhahabu ya Korin: walipima lini?

Haya wadau, wiki hii nimekula aibu ya kitaaluma. Tulikuwa kijiweni tunakunywa kahawa, nikawaambia jamaa, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba ule mchoro maarufu wa miplamu wa Mjapani Ogata Korin hauna dhahabu ya kubandikwa. Wataalamu walishapima, nikasema. Mwenzangu wa dawati la michezo akaniuliza: "Kaka, walipima lini?" Nikanyamaza.

Tuanze na mtu mwenyewe. Korin alizaliwa Kyoto mwaka 1658, familia yao ikiwa na duka la vitambaa vya kimono lililohudumia hadi watu wa ikulu. Baba yake alipofariki mwaka 1687, Korin alirithi mali, akaitafuna. Husimuliwa kwamba siku moja kwenye mandari, wenzake wakiringishiana vyombo, yeye alitoa chakula kilichofungwa kwenye majani ya mwanzi yaliyopambwa kwa dhahabu, akala, akayatupa majani mtoni. Hiyo ni hadithi, msiichukue kama taarifa ya polisi. Madeni yake, lakini, hayakuwa hadithi. Vitu vya thamani viliwekwa rehani, na uchoraji ukawa ndio mkate wake.

Alichora sana kwenye viambaza vya kukunja, vile ambavyo Wajapani huviita byobu. Dhahabu hufuliwa kwa nyundo mpaka pumzi tu inaweza kuipeperusha. Mafundi wa Kanazawa siku hizi huifikisha unene wa karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hukatwa miraba, ikabandikwa mmoja mmoja, kingo zikipandana kidogo, ndiyo maana ukitazama vizuri unaona mistari. Juu ya dhahabu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1700, Korin alipanga maua ya airisi kwa bluu na kijani ya mawe yaliyosagwa. Hakuna ardhi, hakuna maji, hakuna mbingu. Mafungu mengine ya maua yanajirudia kama chapa ya kitenge, na mimi sishangai, mtoto wa duka la vitambaa huyo. Viambaza hivyo viko Makumbusho ya Nezu, Tokyo.

Kilichoniponza ni kile kingine, cha miplamu miwili, mwekundu na mweupe, mto mweusi ukipita katikati. Kiko Makumbusho ya MOA, mjini Atami. Uchunguzi wa kisayansi wa mwaka 2003 na 2004 ulitilia shaka kwamba mandhari yake ni dhahabu ya kubandikwa. Ile mistari ya miraba ikadhaniwa imechorwa kwa mkono, kiini macho tu.

Semeni kweli, hamuoni utamu wake? Mtoto wa tajiri kafilisika, anachora dhahabu asiyoweza kuinunua! Mimi niliposoma hapo nilifunga faili, sikutafuta zaidi. Habari ilikuwa imeshajiandika yenyewe, hata kichwa nilikuwa nacho.

Kumbe mwaka 2010 na 2011 timu ya Profesa Izumi Nakai ilirudi na vifaa bora zaidi. Dhahabu ya kubandikwa ikaonekana. Kwenye mto ikaonekana fedha, nayo imeungana na salfa, ndiyo weusi ule. Yaani mfilisi wetu alitandika dhahabu halisi nyuma ya miti, akatandika fedha halisi kwenye mto, na fedha hiyo sasa ni nyeusi kama lami.

Kahawa ya mwenzangu nimeilipia. Akaniuliza tena, Korin aliwezaje kuchora yale mawimbi yanayojizungusha bila salfa kula fedha yote? Hapo wataalamu bado wanabishana, nikamjibu, na safari hii nikamtajia na mwaka wa kila nilichosoma.