Ng'ombe Mchafu: kosa moja la Linux, marekebisho matatu

Kama simu yako ni ya Android, ndani yake kuna kiini cha Linux. Na kama ulikuwa na Android mwaka 2016, kuna uwezekano mkubwa ilikuwa na kosa ambalo mwanzilishi wa Linux mwenyewe, Linus Torvalds, alishajaribu kulirekebisha mwaka 2005. Sasa ilikuwaje likabaki?

Hebu fikiria masjala. Faili unaruhusiwa kulisoma, kuliandika hapana. Ukitaka kuandika, karani anakutolea fotokopi, uandike humo upendavyo. Hivyo ndivyo Linux inavyotunza kumbukumbu ya kompyuta: programu nyingi zinasoma ukurasa mmoja, na nakala inatolewa pale tu mmoja anapotaka kubadilisha kitu. Kwa Kiingereza herufi za kwanza za mbinu hii ni COW, yaani ng'ombe.

Tatizo lilikuwa kwenye fomu ya karani. Akishaweka fotokopi mezani, alikuwa anafuta neno "kuandika" kwenye ombi lako, likabaki kama ombi la kusoma tu. Alijiambia: si fotokopi ni yake, kuna haja gani ya kukagua tena? Kisha anageuka ili akukabidhi.

Katika mgeuko huo mfupi, mwenzako anaitupa fotokopi. Karani anarudi, meza tupu. Anasoma fomu: "kusoma". Anakuletea faili halisi. Na wewe, kalamu mkononi, unaandika humo humo!

Kwenye kompyuta, wewe na mwenzako ni nyuzi mbili za programu moja: moja inaandika, nyingine inaiambia Linux kwamba nakala haihitajiki tena. Mtumiaji wa kawaida akishinda mbio hizo anaweza kubadilisha faili la mfumo, mfano orodha ya watumiaji, akajipa mamlaka yote ya mashine.

Marekebisho ya 2005 yaliondolewa baada ya muda mfupi kwa sababu yalileta shida kwenye s390, kompyuta kubwa za IBM. Wakati huo mbio hizi zilionekana za nadharia tu: nani angeotea upenyo mdogo kiasi hicho? Lakini kompyuta haichoki kujaribu. Ikikosa mara elfu, inajaribu tena, na inahitaji kupata mara moja tu. Kiini nacho kilibadilika, na kuanzia toleo 2.6.22 la mwaka 2007 upenyo ukawa wa kutumika kweli.

Mwaka 2016 Phil Oester, aliyekuwa na desturi ya kurekodi mawasiliano yanayoingia kwenye seva zake, alikuta humo programu ya mshambuliaji iliyotumia kosa hili. Yaani kuna watu walishalijua. Likapewa jina Dirty COW, ng'ombe mchafu, na Oktoba mwaka huo Torvalds akalirekebisha tena.

Angalia alichofanya, maana hapo ndipo penye somo. Hakumwongezea karani mbio. Alimkataza kufuta neno "kuandika". Badala yake karani anaongeza maelezo, "ameshatolewa nakala", na kabla ya kukabidhi anakagua kama karatasi iliyopo mezani ina alama ya kuchafuka, dalili kwamba kweli ni nakala. Meza ikiwa tupu, anaanza upya.

Kwisha? Bado. Linux ina pia kurasa kubwa, za MB 2 badala ya KB 4 kwenye kompyuta nyingi. Huko alama ya kuchafuka iliweza kuwekwa hata kwenye ukurasa ambao si nakala. Mwishoni mwa 2017 watafiti wa Bindecy walionyesha kwamba karani anaweza kudanganywa tena upande huo, na marekebisho mengine yakafuata.

Kwa hiyo ukisikia mhandisi anasema "hiyo haiwezi kutokea kirahisi", muulize: kwa mashine ipi, na ya mwaka gani? Ugumu wa 2005 haukumlinda mtu yeyote 2016. Upenyo mdogo bado ni upenyo. Na simu yako ikikuomba usasishe mfumo, usiiahirishe hadi kesho kila siku. Kuna karani humo anayehitaji fomu mpya.