Kamba ya Waya Hutoa Dalili Kabla ya Kukatika: Tathmini ya Hatari Katika Kazi za Kunyanyua Mizigo

Kamba za waya hutumika kila siku nchini kunyanyua mizigo mizito, kuanzia shehena katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara hadi nguzo na boriti za zege katika maeneo ya ujenzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio unaosimamia utekelezaji wake, ikiwa ni pamoja na ukaguzi wa mitambo ya kunyanyulia. Hata hivyo, cheti cha ukaguzi hueleza hali ya kamba siku ilipokaguliwa. Hali yake asubuhi ya leo hujulikana tu kwa tathmini ya wale watakaoitumia.

Kamba hiyo ilibuniwa mwaka 1834 na afisa wa migodi wa Ujerumani, Wilhelm Albert, ili kuchukua nafasi ya minyororo, ambayo ilikatika ghafla pindi pingili moja ilipopasuka. Kamba ya waya ina nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa kuzunguka kiini. Uzi mmoja ukikatika, nyingine huendelea kubeba. Kwa sababu hiyo kamba hutoa dalili mapema, ila dalili hizo hazina faida iwapo hakuna anayezitazama.

Mkaguzi hutazama nyuzi zilizokatika, kutu, sehemu zilizosagika au kubanwa, vifundo, misokoto iliyofumuka na kutanuka kama kizimba, pamoja na rangi iliyobadilika kutokana na moto wa kulehemu. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinaelekeza kuondoa slingi ya waya kazini pale nyuzi 10 zinapokuwa zimekatika katika urefu ambao msokoto mmoja huizunguka kamba mara moja, au nyuzi 5 katika msokoto mmoja ndani ya urefu huohuo. Kamba haipapaswi kwa mkono mtupu, kwani uzi uliokatika hupasua kiganja. Kitambaa kikipitishwa juu yake hunasa mahali penye uzi uliochomoza. Unene hupimwa kwa kalipa na kulinganishwa na ule wa awali, kwa sababu kamba inayokonda huenda imeharibika ndani huku nje ikionekana nzima.

Ipo hatari moja, hata hivyo, ambayo kamba haiwezi kuionesha hata ikiwa mpya, nayo ni pembe ya ufungaji. Ichukuliwe boriti ya zege yenye nondo, urefu wa mita 6, upana wa mita 0.4 na kimo cha mita 0.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 1.2, na uzito wake ni takriban tani 3. Ikinyanyuliwa kwa slingi mbili zilizosimama wima, kila moja hubeba tani 1.5. Slingi hizo zikikutana kwenye kulabu moja na kila moja kufanya pembe ya nyuzi 60 na boriti, mvuto katika kila slingi hufikia tani 1.73, kwa nyuzi 45 hufikia tani 2.12, na kwa nyuzi 30, kila slingi huvutwa kwa tani 3 kamili, sawa na uzito wa boriti nzima. Fundi aliyechagua slingi ya tani 2 kwa kugawa uzito kwa mbili atakuwa amekosea pasipo dalili yoyote kuonekana. Suluhisho si gumu: kutumia slingi ndefu zaidi ili pembe ipanuke, au kuweka boriti ya chuma ya kutandazia juu ya mzigo.

Kona kali za mzigo nazo hukata kamba, hivyo huwekewa mbao au kinga nyingine. Klipu za kubana kamba hufungwa tandiko likiwa upande wa kamba inayobeba mzigo. Uimara wa ardhi chini ya kreni, upepo na nyaya za umeme zilizo jirani huangaliwa kabla mzigo haujafungwa.

Swali zito zaidi katika tathmini ni nani atakuwa karibu na mzigo, na nani ana mamlaka ya kusema simama. Mwendesha kreni hufuata ishara za mtu mmoja aliyeteuliwa, isipokuwa ishara ya kusimama, ambayo hutiiwa ikitolewa na yeyote. Utaratibu huo hubaki kwenye karatasi pale kibarua anapohofia kupoteza kazi kwa kuchelewesha zege. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unaelekeza kwamba mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za msingi, alindwe dhidi ya kuadhibiwa. Msimamizi anayelieleza hilo mbele ya wafanyakazi wote kabla ya kazi kuanza hupata taarifa za kasoro ambazo asingezipata vinginevyo.

Slingi iliyokataliwa hukatwa vipande siku hiyohiyo. Ikiachwa stoo, hurudi kazini siku slingi zilizo nzima zinapopungua.